Namna ya kutizama mdahalo wa viongozi wa vyama barazani, na kujua kweli watu wameonaje

Asalaam alaykum. Watu wa baraza za jirani wananiuliza sana vipi sie hapa Wete, Pemba, tunakaa watu wa vyama tofauti, tunatizama mdahalo wa viongozi mwanzo mpaka mwisho, na asubuhi yake bado tunakunywa kahawa ya dele moja. Nimeshaeleza kwa mdomo mara nyingi na kila mara nasahau kitu, kwahiyo leo naandika yote pahala pamoja, anaetaka achukue.

Kwanza mjue kwa nini nimelishikilia jambo hili. Mie nlikuwa mtoto baada ya uchaguzi wa 1995, ule wa mwanzo wa vyama vingi, na wenzangu wa umri huu hapa Pemba wanakumbuka watu walivosusiana, duka la fulani hununui, gari ya fulani hupandi, harusi huendi, mpaka maziko. Nimeona kwa macho yangu jeneza la jirani yetu linapita mbele ya baraza na watu wazima wamekaa tu, hawakuinuka hata kwenda kutia bega hatua mbili, na yule mzee baadhi yao ndie aliewasomesha chuoni. Sijalisahau mpaka leo. Yalipokuja maridhiano ya CCM na CUF ya Novemba 2009, halafu kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa ya Julai 2010, nkasema baraza yetu hairudi tena kule, na mdahalo wa kwenye tivii mkiuendea ovyo unaweza kukurudisheni usiku mmoja tu.

Haya, tuanze. Msianze na mdahalo wa kwenu. Anzeni na wa watu wengine, ambao hakuna hapo mwenye ami yake wala kadi yake, mjifunze taratibu kwanza damu ikiwa baridi. Sie tulianza na wa Nairobi, ule wa wagombea wenza wa Julai 19, 2022, Martha Karua na Rigathi Gachagua, tukautizama kwenye YouTube. Wiki iliyofuata, Julai 26, ukaja wa urais, William Ruto akasimama peke yake kwa sababu Raila Odinga hakutokea, na miaka mitano nyuma, Julai 2017, alikuwa Raila ndie aliesimama peke yake Uhuru Kenyatta hakuja. Hapo tukajifunza kitu ambacho hatukukitarajia, kwamba watu wanamhukumu hata asiekuja. Wapo waliosema katudharau, wapo waliosema kafanya akili, angekwenda kufanya nini. Kwahiyo kiti kitupu nacho kiulizieni, msikipite.

Kwetu Tanzania mdahalo wa wagombea urais wote wakubwa wamekaa pamoja ulikuwa ule wa 1995 Dar es Salaam, Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo, na tangu hapo kuwaona wote meza moja imekuwa nadra. Ndio maana siku mdahalo ukipatikana, hata wa viongozi wa vyama wa mikoani tu, msiupoteze kwa makelele.

Vitu vya kutayarisha ni vichache. Tivii au projekta na ukuta mweupe, lakini muhimu zaidi ni spika, kwa sababu picha mbovu mtu anavumilia, ila neno lililopotea kila mtu analijaza kwa la kwake na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Kama mtakuwa nje na spika mwambieni sheha mapema, msingoje aje yeye kuuliza. Umeme ukiwa wa wasiwasi mwekeni mtu na redio ya betri. Kahawa, kashata, tende, maji. Watu waje baada ya Isha na wakalishwe mchanganyiko, hili msilifanyie mchezo, mkiwaacha wa chama kimoja wakajaza mkeka mmoja mshaharibu kabla ya salamu.

Sasa kete, yaani namna ya kila mtu kutoa rai yake kwa siri. Hii ndio kazi yenyewe. Sie tunatumia kete za bao, zile komwe, kwa sababu zipo 64 na sie hatufiki 64, na kila mtu anazijua kwa mkono. Tunaweka ukumbini ndani, nyuma ya pazia, makopo ya maziwa, kila kiongozi kopo lake na picha yake imebandikwa. Mtu anapewa kete moja, anaingia ngumi imefumbwa, anatia mikono yote miwili ndani ya makopo, anaiachia kwenye moja, anatoka. Mara ya mwanzo tulikosea, makopo yalikuwa matupu, kete ikianguka inalia ngo! na waliokaa karibu na pazia wakawa wanajua kopo la kulia au la kushoto, nkaona mzee mmoja anatoka uso umembadilika. Tangu siku ile chini ya kila kopo tunatandika kipande cha kanga kikuukuu, kete inaanguka kimya. Dogo hilo, lakini ndilo lililowafanya watu wakaamini.

Kete zinapigwa mara mbili, kabla na baada. Kabla unauliza: unadhani nani atajieleza vizuri zaidi? Baada unauliza: nani kajieleza vizuri zaidi? Basi. USIULIZE mtu atampa nani kura yake. Kwetu hilo ni jambo zito, mtu ana haki nalo yeye na Mungu wake, na ukiliuliza hata kwa kete hutapata kweli, utapata woga. Hesabu ya mwanzo andika kwenye karatasi, ikunje, itie mfukoni, usimwambie mtu mpaka mwisho.

Mdahalo ukianza hakuna kupiga makofi, hakuna takbiri, hakuna "mwambie huyo!" Najua ni ngumu, vijana wangu walilalamika sana, lakini nliwapa kisa cha Uingereza wakanielewa. Mwaka 2010 Waingereza walifanya kwa mara ya mwanzo midahalo ya tivii ya viongozi wa vyama, Gordon Brown, David Cameron na Nick Clegg, na watu waliokaa ukumbini walikatazwa kupiga makofi kati yake. Baadhi ya vituo vikaweka chini ya kioo mstari unaopanda na kushuka kuonyesha watu fulani wanavopenda wanachosikia. Sasa watafiti wa chuo cha Royal Holloway wakawachukua watu 150, wakawaonyesha mdahalo wa tatu na mstari wao waliouchezea wenyewe, kundi moja mstari unambeba Brown, kundi jengine unambeba Clegg. Na watu wakafuata mstari! Walioonyeshwa Brown anapendwa wakamuona Brown kafanya vizuri, na wa Clegg hivyo hivyo. Mstari tu kwenye kioo umewafanya hivyo, seuze kaka yako amekaa ubavuni anakupigia kelele sikioni. Ukipiga makofi unamchagulia mwenzio, na mie nnataka kujua alichoona yeye.

Lugha. Mdahalo ukiwa wa Kiingereza mtahitaji mfasiri na hapa muwe waangalifu kuliko pengine pote, kwa sababu mfasiri kwa watu wasiojua ndie kiongozi mwenyewe. Siku ile ya Nairobi kijana wetu mmoja, mzuri sana wa Kiingereza, alikuwa akifika kwa mmoja anafasiri maneno yote kwa sauti ya juu, akifika kwa mwengine anasema "kasema mambo ya uchumi tu." Hakuwa na nia mbaya, hakujijua. Siku hizi tunaweka wawili wa mielekeo tofauti, wanapokezana dakika kumi kumi, na anaengoja anamsikiliza mwenzake akiruka neno anamgusa goti. Wanafasiri neno, hawafasiri nia, yaani hamna "anataka kusema kwamba".

Simu zote zinaingia kwenye pakacha mlangoni. Zinatoka baada ya kete ya pili, sio kabla hata kwa dakika. Mnajua kwa nini? Oktoba 6, 1976 Marekani, Gerald Ford akiwa rais anajadiliana na Jimmy Carter, alisema Sovieti haitawali Ulaya ya Mashariki, na kila mtu anajua inaitawala. Waliopigiwa simu usiku ule ule kuulizwa nani kashinda, wengi walimpa Ford. Waliopigiwa kesho yake, baada ya tivii na magazeti kulishikia bango lile neno, wakampa Carter kwa mbali sana. Mdahalo ule ule. Kilichobadilika ni walichoambiwa baadae, na enzi zile walihitaji siku nzima, siku hizi klipu ya sekunde kumi na tano inafika kwenye grupu mtu hajamaliza hata kujibu swali, na voisi ya mtu asiejulikana inasema "kaaibika leo." Mkitaka walichoona watu wenu kichukueni kikiwa cha moto, kabla hakijapoa kikapashwa na mwengine.

Kete ya pili ikishapigwa, ndio kuzungumza. Msiseme "nani kashinda," mtu akishatamka jina mbele za watu atalitetea mpaka alfajiri. Uliza hivi: jambo gani ulilisikia leo ulikuwa hulijui? Nani alijibu alichoulizwa? Swali gani ungewauliza wewe? Na mwambie kila mtu ataje jambo moja zuri la yule asiempenda. Hili la mwisho mara ya mwanzo walikaa kimya muda mrefu mpaka nkaona haya, halafu mvuvi mmoja ambae kwa chama chake hataki kusikia kitu akasema, "Yule bwana bei ya mafuta ya mashine kaisema sawasawa, anaijua." Hapo baraza ikafunguka, tukaingia kwenye mafuta, mwani, karafuu, nauli ya boti, na hakuna aliekumbuka chama karibu saa nzima. Anzeni kwa wadogo na wanyamavu, wazee wasubiri, kwa sababu mzee akisema kwanza kijana atasema "mie kama alivosema ami."

Wanawake msiwasahau, na wala msiseme "wapo ndani wanasikia." Kwetu wanatizama nyumbani kwa bi mkubwa wangu, na makopo yao na kete zao (za kuazima kwenye bao jengine, lakini zinafaa), na maswali yale yale. Na bi mkubwa macho yake hayaoni vizuri, yeye anasikiliza tu, mara nyingi majibu yake hayafanani na ya wanaotizama. Wengine wanaona nguo, wanaona jasho, wanaona nani kacheka, yeye ananambia, "Yule wa pili sauti yake ilikuwa inakimbia alipoulizwa skuli." Ya Kennedy na Nixon, wagombea urais wa Marekani, pale Chicago Septemba 26, 1960 ndio hayo, Nixon katoka hospitali na goti, kapauka, kakataa kupakwa poda sawasawa, mwenzake anang'ara, na mpaka leo watu wanasimulia kwamba wa redio walimuona Nixon bora ingawa ushahidi wa hilo ni mdogo. Lakini nyie jaribuni wenyewe, wakalisheni watu watano ukutani wameipa tivii mgongo, mtaona.

Matokeo yakitoka msiyakuze. Watu arubaini wa baraza sio Pemba. Clegg yule baada ya mdahalo wa mwanzo Aprili 15, 2010 kura za maoni zilimpa ushindi wa wazi, nchi nzima inamzungumza, uchaguzi ulipofika Mei 6 chama chake kikapungua viti kutoka 62 mpaka 57. Kwahiyo anaesoma karatasi asome tu, kabla ilikuwa hivi, baada imekuwa hivi, wangapi wamehama, akae. Msilipeleke kwenye grupu la chama chochote, likishafika kule sio lenu tena na mara ya pili watu hawatakuja.

Na ugomvi ukitokea, maana unaweza kutokea, usiwaamue kwa hoja. Zima sauti, mimina kahawa, mpe finjani yule alieghadhibika zaidi akagaie wenzake, kwa mkono wake, mmoja mmoja, na wa mwisho awe yule anaegombana nae. Mtu akishakupa kahawa ukaipokea, kukutukana inakuwa tabu. Asiepoa mtoe mtu wa chama chake amsindikize nyumbani, sio wa upande wa pili.

Kabla hamjatawanyika rudisheni kete kwenye bao na mzihesabu mbele za watu mpaka zitimie 64, kwa sababu asubuhi baada ya chai wazee wanalitaka bao lao, na ikipungua moja itakuwa tabu kupata mtu wa kutuazima tena.