Kuweka taimingi ya Honda C70 ya platini

Maelezo haya ni ya pikipiki za C70 za zamani za volti 6, zenye platini (vidude viwili vinavyogusana na kuachana ili kutoa cheche) ndani ya magneto, yaani jenereta ya injini, upande wa kushoto. C70 zilizotoka baadaye na CDI (mfumo wa cheche wa kielektroniki) hazina platini. Kama huna uhakika, fungua kifuniko uchungulie kwenye madirisha ya flaiwili (gurudumu zito la magneto): ukiona platini, endelea.

Kwenye injini hii, uwazi wa platini na taimingi (wakati cheche inapotoka) ni kitu kimoja. Sahani ya koili haizungushwi. Kinachosogeza cheche ni platini zenyewe. Ukiongeza uwazi zinafunguka mapema, cheche inawahi. Ukipunguza, inachelewa. Ndiyo maana kupima uwazi kwa fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia uwazi) na kufunga kifuniko papo hapo ni kazi nusu. Alama ya F iliyochorwa kwenye flaiwili, inayoonyesha mahali cheche inapotakiwa kutoka, ndiyo inayoamua.

Andaa fila geji, bisibisi bapa, bisibisi ya nyota inayokaa vizuri (skrubu za kifuniko huharibika vichwa upesi), spana namba 10, petroli kidogo na karatasi ya sigara. Injini iwe baridi.

Toa plagi ili flaiwili izunguke kwa mkono bila kupigana na mgandamizo. Fungua pedali ya gia, kisha kifuniko. Zungusha flaiwili kinyume cha saa, upande ambao injini huzunguka yenyewe.

Kagua nyuso za platini kwanza. Zikiwa na kishimo upande mmoja na kichuguu upande mwingine, fila itapima juu ya kichuguu na kukudanganya. Zisawazishe kwa tupa ndogo laini, zifute kwa karatasi yenye petroli, kisha kwa karatasi kavu. Zikiwa zimeliwa sana, nunua mpya pamoja na kondensa, kwa kuwa mara nyingi kondensa mbovu ndiyo iliyozichoma.

Zungusha mpaka platini zifunguke kabisa. Legeza skrubu yake kidogo tu, weka uwazi wa 0.35 mm, kaza. Fila ipite kwa kukwaruza kidogo, isilazimishwe.

Sasa taimingi yenyewe. Ingiza karatasi ya sigara katikati ya platini zilizofungwa, uivute taratibu huku ukizungusha flaiwili polepole. Mwanzoni imebanwa, ukilazimisha itachanika. Ghafla inateleza. Simama hapo hapo: mstari wa F uwe umelingana na alama ya kwenye injini. Mstari wa T ni wa pistoni ikiwa juu kabisa, usiuchanganye na F. Wala usihangaike kutafuta kama ni mzunguko wa kugandamiza au wa kutoa moshi; platini zinafunguka kila mzunguko mmoja wa kranki.

Karatasi ikiachia kabla F haijafika, cheche inawahi: punguza uwazi. Ikiachia baada ya F kupita, inachelewa: ongeza. Sogeza kidogo sana, kaza skrubu, upime tena, maana kukaza kwenyewe huisogeza platini. Rudia mpaka ikubali.

Ukimaliza, pima uwazi upya. Lazima uwe kati ya 0.3 na 0.4 mm. Kama F inakubali tu nje ya hapo, usiulazimishe: kisigino cha platini (sehemu inayosuguana na kemu, nundu inayozifungua) kimekwisha, badilisha. Taimingi ikiwa mbali mno hata kwa platini mpya, vua flaiwili kwa pula yake (nyundo hapana) uangalie kii ya kranki (kipande cha chuma kinachoishika flaiwili isijizungushe kwenye kranki). Ikikatika nusu, flaiwili hujizungusha kidogo na alama zote zinakuwa za uongo.

Tia tone moja la oili kwenye kitambaa kinacholainisha kemu. Kikikauka, kisigino kinalika haraka, uwazi unapungua na cheche inachelewa siku hadi siku. Oili ikizidi inarukia platini na moto unapotea.

Rudisha plagi ikiwa na uwazi wa 0.6 hadi 0.7 mm, uwashe. Kiki ikikurudisha mguu, au injini ikigonga mlimani, cheche inawahi. Ikiwa nzito, inachemka na bomba la ekzosi linapiga risasi, inachelewa. Kabla ya kuilaumu taimingi, pima pia valvu: 0.05 mm zote mbili, injini ikiwa baridi.

Platini mpya zipime tena baada ya siku chache za kuendesha, kwa sababu kisigino kipya hulika kidogo kinapozoeana na kemu.