Jinsi ya Kukagua Makao ya Wazee Kabla ya Kumkabidhi Mzee Wako

Ukifika na miadi, meneja atakutembeza kwa wazee wenye nguvu, wale wanaokaa sebuleni na kuweza kukusalimu. Wasalimie, kisha omba kupelekwa kwa aliyelala kitandani: asiyeweza kujigeuza, kujieleza wala kushika kikombe. Huyo anategemea wahudumu kwa kila kitu, kwa hiyo uzembe wa nyumba humfikia yeye kwanza. Karibu kila kipimo kilichomo humu kinamhusu yeye.

Nenda angalau mara mbili. Mara ya pili usitoe taarifa. Chagua jioni ya Jumamosi au Jumapili, karibu na saa ya chakula, wakati wahudumu ni wachache na kazi ni nyingi. Nyumba ikikukatalia kabisa kuingia bila miadi, uliza sababu na uipime kwa makini. Beba daftari, simu yenye saa, kipimajoto cha chakula na tepu ya kupimia. Usiingie chumba cha mtu bila ruhusa yake, wala usimpige picha.

Harufu na kengele

Harufu ya mkojo kwenye chumba kimoja asubuhi ni kawaida, kwani huenda mtu anabadilishwa nepi wakati huo. Ikiwa imejaa ukumbini na unaikuta tena jioni, basi nepi zinacheleweshwa au magodoro yamekwisha kunywa mkojo. Manukato makali yanayoziba pua nayo yatiliwe shaka.

Kisha tazama kengele ya kuitia wahudumu. Kosa tutakalolisisitiza ni hili: kengele ipo na inafanya kazi, lakini haifikiki. Waya umezungushwa nyuma ya kitanda, au kitufe kimewekwa upande uliopooza wa mzee mwenye kiharusi. Angalia vyumba vitano au sita, si kimoja. Mzee mmoja akikubali, mwombe abonyeze, nawe uhesabu dakika. Majibu ndani ya dakika tano ni mazuri. Zikipita kumi, mzee anayebanwa na haja hatangoja. Atainuka peke yake kwenda chooni, na hapo ndipo nyonga huvunjika.

Ngozi

Vidonda vya kulalia hutokea pale mfupa unapobana ngozi dhidi ya godoro hadi damu isipite vizuri. Vinaweza kuanza ndani ya saa chache, hasa chini ya mgongo, kwenye nyonga, visigino, viwiko na kisogo. Huwezi kumvua nguo mzee wa watu ili umkague, lakini unaweza kuuliza maswali mawili: ni wangapi wana vidonda leo, na vingapi kati ya hivyo vilianzia humu ndani? Muuguzi mkuu anayejua kazi yake atakutajia idadi na hatua zinazochukuliwa. Anayejibu haraka kwamba hakuna hata kimoja na hajawahi kuviona, aulizwe rekodi.

Omba uonyeshwe fomu ya kugeuza wagonjwa, majina yakiwa yamefunikwa. Aliye hatarini kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, na muda huo hurekebishwa kulingana na hali ya ngozi yake na aina ya godoro. Fomu iliyojazwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, kila mstari ukiwa saa kamili bila hata dakika tano za tofauti, pengine imejazwa kwa mkupuo. Jaribio jingine ni rahisi. Saa nne asubuhi angalia mzee fulani amelalia ubavu gani. Rudi saa saba mchana. Akiwa vilevile, uliza kama aligeuzwa katikati, kisha ulinganishe jibu na fomu.

Godoro la upepo halimwondolei mtu haja ya kugeuzwa. Liwe limechomekwa umeme, na pampu iwe imewekwa kulingana na uzito wa mzee. Lisukume chini kwa kiganja: ukigusa ubao, halina upepo wa kutosha. Ukikuta mzee amekalishwa juu ya pete ya mpira yenye tundu katikati, ujue nyumba inatumia mbinu iliyopitwa na wakati, maana pete hubana damu kuizunguka sehemu ileile inayotakiwa kulindwa.

Maji, chakula na uzito

Kaa kwenye chumba cha chakula kwa nusu saa, usiangalie sahani tu. Anayelishwa awe amekaa wima, na mlishaji awe ameketi sawa naye. Mlishaji akisimama, mzee huinua kidevu kumtazama, njia ya hewa hufunguka, naye hupaliwa. Baada ya kula abaki wima kama dakika thelathini. Kwa mwenye shida ya kumeza, jikoni pawe na maelekezo yenye jina lake yanayosema chakula kilainishwe kiasi gani na kinywaji kiwe kizito kiasi gani. Mpishi wa zamu aweze kukueleza bila kumtafuta meneja.

Tazama pia sahani zinapoondolewa. Kama mhudumu anabeba sahani iliyojaa bila kuandika chochote wala kumuuliza mzee, hakuna atakayejua kwamba mzee huyo hali chakula. Wazee wapimwe uzito angalau kila mwezi. Kupungua kwa asilimia 5 ndani ya mwezi mmoja, au asilimia 10 ndani ya miezi sita, ni dalili ya hatari: mzee wa kilo 60 akifika 57 kwa mwezi, daktari aitwe. Vyumbani, kikombe cha maji kiwe karibu na mkono, tena kikombe anachoweza kukiinua.

Jikoni panahitaji vipimo viwili tu: friji nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake, na chakula cha moto kinachosubiri kupakuliwa nyuzi 60 au zaidi.

Dawa

Omba kusimama mbali kidogo dawa zinapogawiwa. Utaratibu sahihi ni kumtambua mzee, kusoma kadi yake, kumpa, kuhakikisha amemeza, ndipo kutia sahihi. Vikombe vya vidonge vilivyopangwa mapema bila majina, au kadi iliyosainiwa kabla mkokoteni haujaondoka, ni njia ya mtu kupewa dawa ya mwenzake. Nafasi tupu kwenye kadi ya jana nazo zina maana: ama hakupewa, ama alipewa na hakuna aliyeandika, na wa zamu inayofuata anaweza kumpa mara ya pili. Friji ya dawa isomeke kati ya nyuzi 2 na 8, iwe na kufuli, na isiwe na chakula. Insulini ikiganda haifai tena.

Lipo jambo zito zaidi. Ukikuta saa tano asubuhi sebule nzima imesinzia, vichwa vimeinama, uliza ni wangapi wanatumia dawa za kutuliza na kwa ugonjwa gani. Dawa zinazotengenezwa kutibu magonjwa makali ya akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Kumpa mtu dawa ili zamu ipite kimya ni kumfunga bila kamba. Kamba zenyewe pia zitafute: mshipi kitini asioweza kuufungua, meza ya kiti iliyokazwa mbele yake.

Bafu, kitanda na moto

Fungua bomba la maji ya moto la bafuni, acha yatiririke dakika moja au mbili, pima. Kwa kuogea yasizidi nyuzi 43 au 44. Maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya kwa sekunde chache, na ngozi ya uzeeni ni nyembamba. Tangi lenyewe huhitaji kuwa la moto zaidi ili kuua bakteria, kwa hiyo dawa yake ni vali ya kuchanganya maji karibu na bomba, si kupoza tangi.

Vizuizi vya pembeni mwa kitanda huonekana kama usalama, lakini mzee aliyechanganyikiwa huweza kuvipanda na kuanguka kutoka juu zaidi. Tumia tepu yako: nafasi kati ya fito, au kati ya kizuizi na godoro, isifike sentimita 12, kwani kichwa kinaweza kupita na kunasa.

Kuhusu moto, usimuulize meneja. Mtafute mhudumu wa zamu ya usiku, umuulize: moto ukizuka chumba kile saa nane usiku mko wangapi, mnaanza na nani, na asiyetembea mnamtoaje? Jibu zuri lina vitendo: kufunga mlango wa chumba chenye moto, kuwahamishia walio karibu nyuma ya mlango mwingine unaozuia moto, kutumia shuka la kuokolea, yaani la kumburuzia asiyetembea, kutotumia lifti. Tembea mwenyewe hadi mlango wa dharura na uone kama unafunguka. Milango ya kuzuia moto iliyoegemezwa kiti ili isijifunge haina kazi tena. Mshale wa kizima moto uwe kwenye kijani, na mitungi ya oksijeni ifungwe isianguke.

Watu na karatasi

Linganisha ratiba ya zamu na watu unaowaona. Uliza usiku kuna wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, na kama muuguzi aliyesajiliwa yupo ndani au anaitwa kwa simu. Waulize wahudumu watatu wana muda gani hapo. Wote wakiwa wapya, mzee wako atashikwa na mikono mipya kila mara. Sikiliza kama wanabisha hodi, na kama wanamwambia mzee wanachotaka kufanya kabla ya kumgusa.

Leseni iwe hai. Ripoti za ukaguzi wa serikali, zikiwepo, zisome tatu za mwisho kwa pamoja: kosa dogo linalojirudia linatisha kuliko kubwa lililosahihishwa.

Akishahamia, kagua mwenyewe visigino na sehemu ya chini ya mgongo, kwa ridhaa yake, wakati wa kumwogesha. Bonyeza palipo pekundu. Pasipogeuka peupe, kidonda kimeanza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane, kwa hiyo gusa: tafuta joto, ubaridi, ugumu au maumivu yanayotofautiana na ngozi ya jirani. Ukikuta hivyo, mwite muuguzi hapohapo, mgeuze mzee asiilalie sehemu hiyo, na usiondoke kabla tarehe, ukubwa wa alama na ratiba mpya ya kumgeuza havijaandikwa kwenye faili lake mbele yako.