Kuandika Kijapani kwenye Linux: fcitx5 na Mozc

Kosa ambalo wengi tunaanza nalo ni hili, unaingia kwenye setingi za kibodi, unaongeza "Japanese", unarudi kuandika halafu zinatoka a b c zilezile, unaanza kudhani kompyuta imeharibika. Haijaharibika. Ulichoongeza ni mpangilio wa vitufe tu. Kanji, zile herufi za Kijapani zenye asili ya Kichina, ziko maelfu na hakuna kibodi ya kuzibeba zote, kwa hiyo lazima iwepo programu ya katikati inayopokea romaji unazochapa (Kijapani kwa herufi za a b c), inazigeuza hiragana (herufi za silabi), halafu inakuletea kanji uchague. Hiyo kazi mpe Mozc, ambayo ni toleo huria la Google Japanese Input, na inakaa ndani ya fcitx5, programu inayosimamia njia za kuandika. Anthy, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, nayo ipo ila kwa kubashiri maneno haiifikii Mozc kabisa.

Kwa Debian au Ubuntu fungua terminal:

sudo apt install fcitx5 fcitx5-mozc im-config fonts-noto-cjk
im-config -n fcitx5

Hizo fonti usiziruke, bila fonti za Kijapani utaona viboksi vitupu. Kisha logauti ulogini upya, kufunga madirisha peke yake haitoshi.

Ukirudi fungua fcitx5-configtool. Hapa ndo watu wanakwama sana, unatafuta Mozc huioni, unarudia kuinstall mara tatu, kumbe kile kiboksi cha "Only Show Current Language" kina tiki na lugha ya mashine yako sio Kijapani. Toa tiki, tafuta Mozc, ihamishie upande wa kushoto, ikae chini ya kibodi yako ya kawaida, Apply.

Sasa bonyeza Ctrl+Space, andika nihongo. Itatokea にほんご ikiwa na mstari chini, piga spesi inakuwa 日本語, piga Enter imekubali. Sio hiyo kanji uliyotaka? Endelea kupiga spesi, orodha inafunguka. Ukitaka katakana, herufi za silabi za maneno ya kigeni, piga F7, terebi inakuwa テレビ.

Kitu cha kuwa nacho makini ni n. Ukichapa kinen unapata きねん, yaani 記念, kumbukumbu. Ukichapa kinnen unapata きんえん, 禁煙, marufuku kuvuta sigara. N moja tu hiyo na maana imehama kabisa, kwa hiyo n ikifuatiwa na irabu na wewe unataka ん (n inayosimama peke yake), ichape mara mbili.

Kama desktop yako ni KDE Plasma ya Wayland (mfumo mpya wa kuonyesha madirisha) nenda System Settings, sehemu ya Virtual Keyboard, chagua Fcitx 5, la sivyo programu zingine zitakubali na zingine zitagoma. Na kama unatumia desktop ya GNOME kusema kweli usihangaike na fcitx, IBus, inayofanya kazi kama ya fcitx5, tayari imo, install ibus-mozc, logauti ulogini, halafu Settings, Keyboard, ongeza Japanese (Mozc) na uwe unabadilisha kwa Super+Space. Ikibaki kuandika a b c hata baada ya kubadilisha, bofya alama yake pale juu uchague Hiragana, mara nyingi inaanza ikiwa kwenye Direct input, yaani herufi zinapita bila kugeuzwa.

Bado inagoma upande wa fcitx? Endesha fcitx5-diagnose usome kilichoandikwa kwa rangi nyekundu, huwa inakutajia hasa kinachokosekana.