Njia ya Daktari Anayetaka Kubobea katika Maadili ya Tiba ya Watoto

Daktari kijana wa Tanga anayetaka kubobea katika maadili ya tiba ya watoto aghalabu huanza kwa kuuliza asome shahada gani. Swali hilo lina nafasi yake, lakini kabla yake kuna kazi ya kuwa daktari anayeaminika wodini, kwa sababu wauguzi na wazazi hawatakuletea jambo zito iwapo hawajakuona ukihangaika na mtoto mwenye degedege usiku wa manane. Baada ya miaka 5 ya shahada ya udaktari na mwaka 1 wa mazoezi kazini, kaa wodini kwa muda wa kutosha, kisha uombe nafasi ya shahada ya uzamili ya tiba ya watoto, ambayo huchukua miaka 3.

Tangu mwanzo weka daftari. Usiandike majina wala namba za faili. Andika nani alisema nini, nani alikuwa na kauli ya mwisho, na jambo gani lilikukosesha usingizi. Daftari langu linaanza na mtoto wa miaka 3 aliyehitaji kuongezewa damu wakati baba yake, mvuvi, yuko baharini. Mama alikuwa ameketi kando ya kitanda, lakini tulimsubiri baba mdogo afike kutoka Pangani kutia sahihi, kana kwamba aliyemzaa si mzazi. Mtoto alipona. Hata hivyo naona aibu hadi leo kwamba hakuna aliyemgeukia yule mama na kumwuliza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na desturi ya kumtafuta mwanamume wa ukoo, hata ikiwa imejengwa juu ya heshima, haiwezi kuwekwa mbele ya uhai. Isome sheria hiyo yote, pamoja na marekebisho ya mwaka 2019 ya Sheria ya UKIMWI, yaliyomruhusu kijana wa miaka 15 kupimwa virusi vya UKIMWI bila idhini ya mzazi.

Jambo litakalochukua sehemu kubwa ya maisha yako ni ridhaa, nayo huanzia katika lugha. Fomu nyingi hutungwa kwa Kiingereza, kisha hugeuzwa Kiswahili kigumu ambacho mama wa Kange au Mwambani husikiliza kwa adabu, akatia dole gumba bila kuelewa. Chukua fomu moja, isome kwa sauti mbele ya mzazi, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe kitakachofanyika. Akishindwa, fomu ndiyo iliyoshindwa. Pwani hii imeishi na hofu ya mumiani, watu wanaodaiwa kunyonya damu, kwa vizazi, kwa hiyo usiseme “sampuli ya mililita 5” ukanyamaza. Sema ni damu ya kijiko kimoja cha chai, mwonyeshe kijiko, na umweleze inakopelekwa. Vivyo hivyo, mzazi aliyempeleka kwanza kwa mganga mtoto mwenye degedege, kwa kuwa aliambiwa sindano itamwua, hakukosa mapenzi. Ukimkaripia, kesho atachelewa zaidi au hatakuja kabisa.

Mtoto naye ana kauli. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unataka asikilizwe kwa kadiri ya umri na ukomavu wake. Mtoto wa miaka 9 mwenye selimundu anayajua maumivu yake kuliko sisi sote. Mweleze, mpe nafasi ya kuchagua mkono wa kuchomwa, na usimwahidi kwamba haitauma.

Masomo rasmi yapo: Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinafundisha shahada ya uzamili ya maadili ya tiba. Ukirudi, omba kuhudumu katika kamati ya maadili ya utafiti, hata kwa kazi ya kusoma maombi tu.

Katika kufundisha, tumia mifano ya nyumbani. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza mwaka 2009, lilihusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7, viwili kati ya hivyo vikiwa Korogwe na Bagamoyo. Watoto wa miezi 5 hadi 17 waliokuwa katika kundi la ulinganisho, yaani wasiopewa chanjo iliyokuwa ikijaribiwa, walipewa chanjo ya kichaa cha mbwa. Waulize wanafunzi kwa nini hawakupewa maji matupu, mtoto wa kundi hilo alinufaika na nini, na kijiji kilidai nini kwa haki katika miaka iliyopita hadi Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo mwezi Oktoba 2021. Mpe muuguzi nafasi ya kwanza ya kusema. Profesa akitangulia, wanafunzi humfuata yeye.

Kupanda kutoka mhadhiri msaidizi hadi mhadhiri na zaidi kunahitaji makala zilizochapishwa. Daftari lako lina maswali ya miaka mingi: chagua moja, omba kibali cha kamati, ufanye utafiti. Makala ikitoka kwa Kiingereza, andika kurasa 2 za Kiswahili uzirudishe wodini, uketi na wauguzi na kuwauliza wapi umekosea.