Kuzamia Manado, Indonesia: panga safari kwa kuanzia siku ya kurudi

Kwanza tulimalize hili neno. Nilipomwambia shangazi yangu kwamba nakwenda kuzamia Indonesia, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Meli gani hiyo, mwanangu?" Kwa watu wa rika lake, mzamiaji ni yule aliyejificha chini ya makontena akaibukia Ugiriki. Alitulia nilipomwonyesha tiketi ya kwenda na kurudi. Basi mwongozo huu ni wa kuzamia kwa mtungi mgongoni, kwa hela yako mwenyewe.

Mimi huongoza wazamiaji kisiwani Mafia, upande wa Utende. Kusi ikishika, nje ya ghuba ya Chole hakuzamiki vizuri na kazi hupungua. Miezi hiyohiyo Manado, mji mkuu wa Sulawesi Kaskazini, huwa kwenye kiangazi. Nimekwenda mara mbili. Safari ya kwanza niliipanga kama watu wote wanavyopanga, nikianza na siku ya kufika. Ya pili niliianza na siku ya kuondoka, ikanyooka.

Hatua ya 1: Andika saa ya ndege ya kurudi

Kabla ya hoteli, kabla ya kuchagua samaki wa kwenda kuwaona, chukua karatasi uandike saa ambayo ndege ya kurudi itapaa. Ukiwa chini ya maji unavuta hewa yenye mgandamizo, na naitrojeni huingia kwenye damu na nyama za mwili. Hutoka polepole baada ya mbizi. Ukipanda juu angani kabla haijatoka, hugeuka mapovu mwilini, na hapo ndipo watu huumwa viungo, hupooza, wengine hufa.

Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wazamiaji, unataka usubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja, na angalau saa 18 kama umezama mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Likizo ni siku kadhaa mfululizo, kwa hiyo saa 12 zisahau. Mimi huweka saa 24 ili nisipige hesabu nikiwa nimechoka. Ndege ikiondoka Jumapili saa nane mchana, mtungi wa mwisho unavuliwa Jumamosi kabla ya saa nane.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifikirii: mlima nao ni ndege. Juu ya Manado kuna Tomohon, mji wa maua na mboga, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, na volkano ya Lokon pembeni yake yenye karibu mita 1,580. Kila dereva wa Manado atataka kukupeleka. Safari yangu ya kwanza nilizama asubuhi mara mbili, mchana nikakodi gari kwenda kuiona Lokon. Katikati ya kona za kupanda nikatazama kompyuta ya kuzamia mkononi: alama ya ndege iliyokatwa, yaani usipande juu bado, ilikuwa bado inawaka. Nilimwomba dereva ageuze. Alinitazama kama mgonjwa, na nauli nililipa yote.

Kwa hiyo Tomohon iende siku ya kwanza kabla hujalowa, au siku ya mwisho baada ya kusubiri. Katikati, hapana.

Hatua ya 2: Chagua mwezi wa kalenda, kisha mwezi wa angani

Kiangazi cha Manado ni takriban Mei hadi Oktoba. Julai na Agosti wageni hujaa. Desemba hadi Februari mvua ni kubwa na upepo wa kaskazini-magharibi huchafua bahari ya upande wa kisiwa cha Bunaken, ingawa mlango-bahari wa Lembeh, uliokingwa na kisiwa, huendelea kuzamika. Maji ni ya uvuguvugu mwaka mzima, nyuzi 27 hadi 29 hivi.

Ukishapata mwezi, tazama bamvua. Mtoto wa pwani hahitaji kufundishwa kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu maji hukimbia, na siku za maji mafu hutulia. Bunaken ina kuta za matumbawe zinazoanzia mita chache chini ya uso wa maji na kuporomoka mamia ya mita. Mkondo ukipiga kwenye ukuta kama huo unaweza kukusukuma pembeni, juu, hata chini. Kama una mbizi chini ya 30 maishani, panga siku za Bunaken ziangukie maji mafu. Wazoefu hufanya kinyume, maana mkondo ndio huleta samaki kama kolekole na mzia.

Hatua ya 3: Cheti na fomu ya afya, ukiwa bado nyumbani

Usiende kujifunzia Manado. Inawezekana, walimu wapo, lakini utatumia siku tatu au nne za likizo ghali ukijifunza kutoa maji kwenye miwani. Kozi ya Open Water, ile ya kwanza, unaweza kuifanya Mafia, Nungwi, Watamu au Diani, na itakuruhusu kwenda mita 18. Ya Advanced hufika mita 30. Kwa Bunaken mita 18 zinatosha kabisa. Kasa wengi niliowaona walikuwa wamelala juu ya mita 15, wakubwa kama meza ya kahawa, hawajali mtu.

Kinachohitajika kuliko kina ni kuelea pasipo kupanda wala kushuka. Kwetu ukizidisha risasi za uzito kiunoni unakutana na mchanga kwenye mita 20, unacheka, unajirekebisha. Kwenye ukuta wa Bunaken hakuna mchanga wa kukupokea. Rudi majini hapa nyumbani mwezi mmoja kabla, mbizi mbili au tatu, mpaka uweze kukaa mita 5 kwa dakika 3 bila kushika kitu.

Fomu ya afya ichukue kwenye mtandao mapema, uijibu kwa ukweli. Ukijibu "ndiyo" kwenye pumu, presha, upasuaji wa masikio au mengineyo, utatakiwa saini ya daktari. Nimeona mgeni aliyeruka saa ishirini akabaki kwenye boti anakula ndizi, kwa sababu fomu yake ilikuwa na "ndiyo" moja isiyo na saini.

Hatua ya 4: Amua utalala wapi

Kulala mjini kunafaa kama una wenzako wasiozamia. Boti huondoka asubuhi, mwendo wa dakika 45 hivi hadi Bunaken, mnazama mara mbili au tatu na kurudi alasiri.

Ukilala kisiwani, Bunaken au Siladen, unaamka juu ya matumbawe, na mbizi ya alfajiri ni ya kushuka ngazi tu. Usiku hakuna la kufanya, na hilo ndilo ninalolipenda. Hifadhi ya taifa ya Bunaken, iliyotangazwa mwaka 1991, ina visiwa vitano: Bunaken, Siladen, Manado Tua, Mantehage na Nain.

Kisha kuna Lembeh, saa moja na nusu kwa gari kuelekea mashariki, karibu na bandari ya Bitung. Hapa niseme wazi maana watu hurudi wamenuna: Lembeh si pazuri kwa macho ya mgeni. Chini ni mchanga mweusi wa volkano, huku chupa, huku tairi. Unaogelea polepole kama mtu aliyepoteza pete. Lakini humo kuna pweza mwigaji, anayejikunja akafanana na nyoka wa baharini au samaki bapa, na wanasayansi walimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1998 huku huku Sulawesi. Kuna farasi wa baharini wadogo kuliko ukucha. Kuna pweza mwenye pete za buluu, mdogo wa kuenea kiganjani, na sumu yake haina dawa. Usishike kitu Lembeh. Hata kisichoonekana kama mnyama, usishike.

Mgawanyo wangu kwa siku tisa: ya kwanza kulala usingizi, tatu Bunaken, moja ya kuhama, mbili Lembeh, mbili kavu. Mwanzo Bunaken, mwisho Lembeh, kwa sababu mbizi za Lembeh mara nyingi ni za kina kifupi na ni vizuri kumaliza hivyo.

Hatua ya 5: Maswali ya kumtumia mwenye kituo

Waandikie vituo vitatu, ujumbe uleule. Uliza kiongozi mmoja anachukua wazamiaji wangapi (wanne ni wengi wa kutosha). Uliza kama boti ina mtungi wa oksijeni ya huduma ya kwanza na redio, na chemba ya kutibia wazamiaji iliyo karibu ni ipi na inafikiwaje. Uliza bei ina nini ndani: vifaa, chakula, usafiri wa kutoka hotelini, ada ya hifadhi. Anayejibu swali la oksijeni kwa hasira, mwache. Anayejibu kwa picha ya mtungi wenyewe, mlipe.

Saa andika kwa tarakimu, 08:00, maana mazoea yetu ya saa mbili asubuhi yatakupoteza. Nao wana mtego wao: *setengah delapan*, neno kwa neno "nusu nane", ni saa moja na nusu yetu, yaani 07:30. Manado iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa tano.

Hatua ya 6: Tiketi, karatasi, sindano

Kutoka Dar au Nairobi unaunganisha Doha, Dubai au Addis, unafika Singapore au Jakarta, kisha ndege nyingine hadi Manado. Kutoka Singapore zipo za moja kwa moja, si kila siku, kwa hiyo kata tiketi hiyo ndogo kwanza ndipo utafute ile kubwa. Acha usiku mmoja katikati. Ndege kubwa ikichelewa, ile ndogo haitakusubiri.

Pasipoti iwe na miezi sita au zaidi mbele. Viza soma kwenye tovuti ya uhamiaji wa Indonesia yenyewe, kwa uraia wako, wiki unayokata tiketi, si kwa maneno ya mtu aliyekwenda mwaka juzi. Kadi ya homa ya manjano ibebe, na kama hujachanjwa, choma siku 10 au zaidi kabla. Ukienda kuuliza dawa ya kuzuia malaria, mwambie daktari kwamba utazamia: mefloquine haiwafai wazamiaji, maana kizunguzungu chake hufanana na dalili za ugonjwa wa mapovu.

Bima ya safari ya kawaida mara nyingi inaruka kuzamia kwa mtungi, au inaishia kina fulani. Soma mistari midogo, au chukua ya DAN.

Hatua ya 7: Begi

Beba miwani yako iliyokaa usoni, kompyuta yako, boya la kuashiria na wetisuti (suti ya kuzamia) ya milimita 3. Mapezi na jaketi la kuelea kodi hukohuko, ndege za ndani zina ubahili wa kilo. Betri za tochi ziende kwenye begi la mkononi.

Hatua ya 8: Siku ya kwanza majini

Omba mbizi rahisi hata kama una mia mbili. Eneo la Lekuan, huko Bunaken, linafaa: ukuta mzuri, kasa, na juu yake matumbawe ya kina kifupi ya kumalizia. Hesabu risasi upya, maji ya huko na wetisuti ya huko si za kwenu. Kubalianeni ishara za vidole na kiwango cha hewa cha kupanda nacho. Mafua yakikushika, pumzika. Sikio likipasuka likizo imekwisha.

Lugha isikutishe. "Apa kabar?" ni habari yako. Msimu wao ni *musim*, wakati ni *waktu*, sabuni *sabun*, dunia ni dunia, bendera ni bendera. Neno la kujifunza ni *arus*, yaani mkondo. Ukisikia boti nzima inasema *arus kuat*, mkondo mkali, kaza mikanda.

Chakula ni pilipili kweli. Wenyeji wengi wa Minahasa, eneo hili la Manado, ni Wakristo na nguruwe ni wa kawaida mezani, pamoja na nyama nyingine ambazo sitazitaja hapa. Anayetafuta halali ale samaki na atafute mikahawa ya Waislamu. Mjini kuna hadi Kampung Arab, mtaa wa watu wenye asili ya Hadhramaut. Mtu wa Mombasa au Lamu atajiona yuko kwa binamu.

Hatua ya 9: Siku zile mbili kavu

Mbizi ya mwisho ikiisha Lembeh kabla ya adhuhuri, jioni nenda msitu wa Tangkoko. Uko jirani, na kutazama wanyama hufanyika chini, si mlimani. Kuna nyani weusi, na giza likiingia hutoka tasia, mnyama wa kuenea kiganjani mwenye macho makubwa kuliko uso. Kesho yake, alama ya ndege ikishazimika, panda Tomohon bila wasiwasi.

Asubuhi ya kuondoka, wetisuti ikiwa inakauka, nenda soko la samaki la Manado. Septemba 1997 mwanabiolojia Mark Erdmann na mkewe walimwona sokoni hapa silikanti, samaki adimu wa kale, akisukumwa kwenye mkokoteni; wa pili alivuliwa Julai 1998 karibu na Manado Tua, na mwaka 1999 akapewa jina la kisayansi *Latimeria menadoensis*. Ni ndugu wa yule ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumnasa miaka michache baadaye, hata ikatengwa hifadhi kwa ajili yake. Hukaa kina cha zaidi ya mita 100, hakuna mtungi wako utakaokufikisha. Mimi huzunguka meza zote hata hivyo, natazama mikia, nauliza majina. Wauza samaki wameshanizoea, na kila mara hunipimia jodari wa kukaushwa kwa moshi niende naye nyumbani.