Kuchagua bima ya afya: anza na bili, mchango ufuate

Kazi yangu ni kwenye dirisha la bima hospitalini. Kadi ikiletwa, mimi ndiye ninayeiingiza kwenye mfumo na kumweleza mgonjwa au ndugu yake bima italipa nini na yeye atabaki na nini. Wengi wanaofika hapa walichagua bima yao kwa kutazama mchango wa kila mwezi, na wanaanza kuielewa siku wanapoumwa. Siku hiyo mimi siwezi kuwabadilishia chochote. Ndiyo maana naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye bado hajasaini fomu.

Kabla ya kulinganisha mipango, jiulize: mwaka nitakaolazwa, nitatoa kiasi gani kwa jumla? Mchango ni sehemu moja tu ya jibu. Mipango mingi ina kianzio, yaani kiasi unachojilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kutoa chochote. Baada ya kianzio kuna kuchangia gharama: kila bili inayofuata unalipa asilimia fulani, au kiasi kilekile kila unapomwona daktari. Mipango mizuri ina pia kikomo cha mfukoni: ukishatoa kiasi hicho ndani ya mwaka, gharama zote zilizomo kwenye mkataba zinabebwa na bima.

Chukua kalamu tupige hesabu. Mpango wa kwanza una mchango wa 20,000 kwa mwezi, kianzio 300,000, uchangiaji asilimia 20, kikomo cha mfukoni 800,000 kwa mwaka. Mpango wa pili una mchango wa 50,000 kwa mwezi, kianzio 50,000, uchangiaji asilimia 10, kikomo cha mfukoni 300,000. Mwaka usioumwa kabisa, wa kwanza unakugharimu 240,000 na wa pili 600,000. Sasa ufanyiwe upasuaji wa 2,000,000. Kwenye mpango wa kwanza utatoa kianzio 300,000, kisha asilimia 20 ya 1,700,000 iliyobaki, ambayo ni 340,000. Ukijumlisha na michango ya mwaka unafika 880,000. Kwenye wa pili, kianzio 50,000, asilimia 10 ya 1,950,000 ni 195,000, na pamoja na michango jumla ni 845,000. Karibu sawa! Bili ikipanda hadi 5,000,000, vikomo vya mfukoni vinafanya kazi yake: wa kwanza unaishia 1,040,000 na wa pili 900,000.

Kwa hiyo ule wenye mchango mkubwa unakuokolea 140,000 tu mwaka mbaya kiasi hicho, na unakugharimu 360,000 zaidi mwaka mzuri. Mtu mwenye afya ambaye ana 800,000 ya akiba isiyoguswa achague wa kwanza bila wasiwasi. Asiye na akiba hiyo achague wa pili, hata kama hesabu ya miaka mingi inamwelemea kidogo, maana hospitali itaidai ile 800,000 ndani ya siku chache. Nimewaona watu wenye kadi halali mkononi wakipiga simu kwa ndugu mmoja baada ya mwingine kutafuta kianzio. Piga hesabu kama hii kwa namba za mipango uliyoletewa. Wakala akishindwa kukupa namba hizo nne, usisaini.

Mwenye kisukari, presha au pumu ahesabu tofauti. Huyo anarudi kliniki mara kwa mara, na kila uchangiaji mdogo unamtia kishawishi cha kuahirisha. Marekani kulifanyika utafiti mkubwa wa taasisi ya RAND, kuanzia miaka ya 1970 hadi 1982, ukaonyesha kwamba watu walioachiwa sehemu ya gharama walipunguza matibabu yasiyo ya lazima, na ya lazima pia. Maskini wenye presha walioidhibiti vizuri zaidi ni wale waliotibiwa bure. Kama unatumia dawa kila siku, tafuta mpango unaolipia kliniki na dawa zako kikamilifu, na uone majina ya dawa hizo kwenye orodha yao kwa macho yako.

Jambo linaloumiza watu kuliko yote hapa dirishani ni kikomo cha aina nyingine, kile cha bima yenyewe. Wakala anasema mpango una kikomo cha 5,000,000, na msikilizaji anadhani amelindwa. Hicho ndicho kiasi cha juu kabisa ambacho bima italipa; baada ya hapo kila kitu ni juu yako, na ugonjwa mmoja mzito unaweza kukimaliza. Ndani yake mara nyingi kuna vikomo vidogo: upasuaji mwisho kiasi hiki, vipimo vya picha kiasi hiki, meno na macho kiasi kile, chumba kiasi fulani kwa usiku. Kuwa makini na hicho cha chumba. Baadhi ya mikataba inasema ukilala chumba cha juu kuliko haki yako, bima itapunguza malipo ya bili yote kwa uwiano uleule, yaani pamoja na daktari na upasuaji. Familia inamtafutia mgonjwa wao utulivu, kumbe imeipandisha bili nzima.

Halafu uliza utatibiwa wapi. Kuna mipango inayokufunga kwenye kituo kimoja, na bingwa humwoni bila rufaa ya daktari wako wa kwanza. Mchango wake huwa nafuu, na kwa familia yenye watoto wadogo naipenda, kwa sababu daktari mmoja anawajua wote. Mingine inakuacha uende hospitali yoyote yenye mkataba nao, kwa mchango mkubwa zaidi. Ipo pia ya kulipa kwanza kisha kudai urudishiwe. Hiyo inamfaa mwenye fedha taslimu na mwenye kutunza risiti. Vyovyote itakavyokuwa, pigia simu hospitali iliyo karibu na unapolala uulize kama wanaipokea kadi hiyo sasa hivi. Orodha iliyochapishwa inaweza kuwa imepitwa na wakati. Uliza vilevile matibabu gani yanahitaji kibali kabla, na dharura ya usiku inashughulikiwaje.

Kipindi cha kusubiri, yaani miezi ya mwanzo ambayo bima bado hailipii matibabu fulani, kina sababu yake. Bima ya hiari ingekufa kama kila mtu angejiunga siku anayoumwa. Ujerumani ilipoanzisha bima ya ugonjwa kwa sheria mwaka 1883, wafanyakazi waliohusika walilazimika kujiunga, wazima kwa wagonjwa, na michango ya wazima ikabeba wagonjwa. Ndiyo maana ukipata nafasi kwenye mpango wa lazima au wa mwajiri, ambako mara nyingi masharti ya afya ni mepesi, ichukue kwanza, kisha ongeza wa binafsi kama kuna pengo. Ila uliza utabaki na nini ukiacha kazi.

Kwenye mipango binafsi uzazi huwa na miezi mingi ya kusubiri, kwa hiyo wenzi wanaopanga mtoto wajiunge kabla ya mimba. Ugonjwa uliokuwa nao tayari uandike kwenye fomu, hata wakala akikwambia uache. Ikigundulika kwamba uliuficha, dai linaweza kukataliwa, na wakala hatakuwepo dirishani.

Bima za kulipa fedha kwa kila siku uliyolazwa, au fungu moja ukigundulika na saratani au kiharusi, zinasaidia kufidia kipato kilichopotea. Hazichukui nafasi ya bima ya matibabu.

Omba mkataba kamili, kwani kipeperushi hakitoshi. Fungua kurasa za yasiyogharamiwa kabla ya kurasa za mafao, na majibu ya maswali yako yaombe kwa maandishi. Kila mwaka kabla ya kuhuisha kadi soma tena, kwa kuwa vikomo na hospitali hubadilika bila mchango kubadilika. Picha ya ukurasa wa mafao na namba ya simu ya huduma kwa wateja viweke kwenye simu yako na ya mtu mwingine nyumbani, maana aliyelazwa mara nyingi siye anayesimama dirishani.