Popo darini: waondoe bila kumshika hata mmoja

Juzi jioni nilikuwa Buruburu kwa mama mmoja mwenye nyumba ya vigae. Silingi ya chumba cha watoto ilikuwa na doa la kahawia, kana kwamba mtu amemwaga chai juu yake, na harufu ya mkojo ilikukaribisha mlangoni. Majirani walikuwa wameshamshauri achome pilipili kavu humo darini, afunge mlango, asubuhi aokote mizoga kwa ndoo. Nimeandika somo hili kwa sababu ya ushauri huo. Nimezibua na kuziba mapaa Nairobi hii miaka mingi, na mara zote anayeumia ni yule aliyekwenda kupigana na popo.

Kwanza ujue unaishi na nani. Popo hubeba virusi vya aina nyingi bila kuugua. Ndiye mnyama pekee anyonyeshaye anayeruka kikwelikweli, na kuruka ni kazi nzito mno kwa mwili. Wanasayansi wengi wanaona kwamba mwili wake umezoea kuvizuia virusi visizidi, lakini bila kuwasha ule moto wa uvimbe ambao kwetu sisi ndio hutuua. Tena huishi miaka mingi kwa umbo lake dogo, na hulala wamebanana, mamia kwa maelfu. Virusi vinazunguka humo kizazi hadi kizazi. Ndiyo maana popo anaitwa mwenyeji asilia wa virusi hivyo.

Hapa kwetu si hadithi za mbali. Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya alizuru pango la Kitum, Mlima Elgon. Aliugua Marburg, homa kali ya virusi iliyo ndugu wa Ebola, akaletwa Nairobi, akafa. Daktari aliyemhudumia akaambukizwa, akapona kwa shida. Mwaka 1987 kijana wa Denmark, miaka 15, naye alikufa baada ya kuingia pango hilohilo. Mwaka 2007 watafiti wakavikuta virusi vyenyewe ndani ya popo mla matunda wa Kitum.

Popo wa darini mwako si yule wa Kitum. Wa darini kwa kawaida ni wadogo, hula wadudu, na mkia umechomoza nje kama wa panya. Hata hivyo, aina mojawapo ya hao, waliokamatwa Taita mwaka 2018, ilikutwa na virusi vya Bombali, ndugu wa Ebola. Hakuna mtu anayejulikana kuugua kwa virusi hivyo. Nakuambia si ili ukose usingizi, ila usimshike popo kwa mkono.

Na kuwaua? Baada ya wachimba migodi kuugua Marburg mwaka 2007 katika mgodi wa Kitaka, Uganda, popo wa humo waliangamizwa. Popo wengine wakaja kuhamia. Walipopimwa mwaka 2012, kiwango cha walioambukizwa kilikuwa zaidi ya maradufu ya kile cha mwanzo. Ukiwaua wazee waliokwisha kujenga kinga, unawafungulia mlango vijana wasio nayo.

Sasa kazi.

Hatua ya 1: hakikisha ni popo. Kinyesi chake kinafanana na cha panya, lakini ukikibonyeza kwa kijiti kinavunjika kuwa unga wenye vipande vya mbawa za wadudu vinavyometameta. Cha panya ni kigumu. Kwa kijiti, tafadhali, si kwa kidole.

Hatua ya 2: tafuta mlango wao. Simama nje kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, bila tochi. Pale Buruburu tulikaa kwenye viti vya plastiki tukahesabu 43. Wote walitoka kwenye ufa mmoja chini ya vigae, upana wa kidole changu, mmoja baada ya mwingine kama matone ya bomba bovu: anaanguka kidogo, anafungua mbawa, hayupo. Mchana ukiangalia ufa kama huo utaona uchafu mweusi wa mafuta ya manyoya yao.

Hatua ya 3: ngoja kama kuna watoto wa popo. Wengi huzaa msimu wa mvua, wadudu wanapokuwa tele, lakini usitegemee kalenda peke yake. Mama zao wakishatoka, tega sikio. Ukisikia vilio vyembamba darini, ahirisha wiki kadhaa. Ukiziba wakati huo, watoto watafia humo au watatambaa hadi chumbani, na hapo ndipo watu huumwa.

Hatua ya 4: ziba nyufa nyingine zote, kisha uache ule mmoja mkuu. Juu yake tundika wavu laini wa plastiki, ufunge juu na pembeni, chini uache wazi, uning'inie nusu mita chini ya ufa. Popo atatambaa kushuka na kuruka. Akirudi hufuata harufu ya ufa, anatua juu ya wavu, na hajui kupitia chini. Acha siku saba. Hesabu tena jioni. Ikiwa hatoki hata mmoja, toa wavu, ziba kwa saruji au waya wa matundu madogo.

Hatua ya 5: kinyesi. Usifagie kikiwa kikavu! Vumbi lake laweza kuwa na ukungu uitwao histoplasma, ambao hushambulia mapafu. Vaa barakoa ya N95, glavu na miwani, nyunyizia maji yenye sabuni hadi kilowe, ukusanye kwa koleo, utie katika mifuko miwili. Nguo zifuliwe peke yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi, mwanangu wa miaka sita aliokota popo aliyeanguka veranda. Sioni alama ya jino. Nimwache?

Usimwache, dada. Jino la popo ni kama ncha ya sindano, waweza usione kitu. Osha mkono kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitalini leo hii, useme wazi kwamba ni popo. Wanabeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Mwaka 2009 aina moja ilipatikana kwa popo wa pango la Shimoni, Kwale. Akianzishiwa chanjo, amalize sindano zote. Dalili zikishaanza hakuna tiba.

Maparachichi yangu yana alama za meno asubuhi. Nikate upande ule nile uliobaki?

Hapana, mzee. Tupa lote. Bangladesh watu wameambukizwa Nipah, virusi vingine hatari vya popo, kwa kunywa utomvu mbichi wa mtende ambao popo walikuwa wameulamba usiku. Mazima yaoshe na uyamenye.

Kwani corona si ilitoka kwa popo?

Ndugu wa karibu wa virusi hivyo wamepatikana kwa popo wa Asia. Njia kamili iliyovifikisha kwa binadamu bado inabishaniwa. Popo wa dari lako hakuletei corona.

Maji ya gata yanaingia tangini. Ni salama?

Ya kufulia, sawa. Ya kunywa, chemsha.

Wakitoka wataenda wapi? Nawahurumia.

Wengine watapata mti au paa jingine. Yule mama wa Buruburu aliuliza swali hilohilo, kwa maana mbu wamejaa kwao na hawa ndio wanaowala. Nikamtengenezea sanduku la mbao lisilopakwa rangi, lenye mwanya chini, tukalitundika juu ya ukuta wa nyuma, mbali na madirisha ya watoto. Bado halijapata mpangaji. Naenda kuliangalia Jumamosi.